Mshahara Ambao Masista Hawakuuchukua

Mombasa kuna maneno mawili yasemwayo kuhusu shule za Wakatoliki, na aghalabu utayasikia kwa mtu yule yule, barazani pale pale, kabla kahawa haijapoa. La kwanza ni kwamba zimeanguka: nidhamu haiko, matokeo hayako, na zama za wazazi kuhangaika kumtafutia mtoto nafasi zimepita. La pili ni kwamba Kanisa lina kiburi, linataka kushika usukani wa shule ambazo walimu wake hulipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na maabara zake hujengwa kwa pesa za mlipa kodi. Maneno haya hayapatani vizuri, maana kitu kilichoanguka hakigombaniwi. Tena yote mawili yanaruka jambo la hesabu tu: shule hizi zilikuwa nafuu na nzuri kwa sababu kulikuwa na watu waliofanya kazi humo miaka nenda miaka rudi bila kuchukua mshahara wao.

Hapa kwetu jina "shule ya Wakatoliki" limebeba vitu viwili. Zipo za binafsi, Loreto kwa mfano, zinazoishi kwa karo ya mzazi. Na zipo za umma zenye mfadhili, ambazo Kanisa liliziasisi na serikali inaziendesha. Star of the Sea, shule ya wasichana ya hapa Mombasa, ni ya kundi hili. TSC iliundwa 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikamalizia kazi: mwalimu akawa wa serikali, meneja wa misheni akaondoka, Kanisa likabaki mfadhili. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mfadhili huyo nafasi ya kushauri kuhusu mtaala, kuangalia malezi ya kiroho, kuteua kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe, kuwakilishwa katika bodi na kusaidia kwa fedha na majengo, ilmuradi dini za wengine zilindwe.

Kwa hiyo kuanguka kwa huku hakufanani na kwa Marekani, ambako jengo hufungwa likauzwa. Kwetu jengo linabaki, sanamu ya Bikira Maria inabaki langoni, jina la mtakatifu linabaki kwenye beji. Kinachopungua ni yale yaliyokuwa yakifanyika ndani.

Hata hivyo, takwimu moja ya Marekani imenikaa kichwani kwa muda mrefu. Mwaka 1965 shule za Wakatoliki huko zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2, na idadi ya shule zenyewe imeshuka kwa zaidi ya nusu. Wachambuzi wana sababu zao: waumini kuhamia vitongoji vya mbali, uzazi kupungua, kashfa za makasisi. Takwimu ninayoisema mimi ni nyingine. Miaka ya 1950, takriban walimu tisa kati ya kumi katika shule hizo walikuwa watawa au makasisi. Leo hawafiki watatu katika mia.

Mwenye imani ataisoma takwimu hiyo asikitike kwamba miito imekauka. Mhasibu atauliza swali jingine: wale tisa walipoondoka, nafasi zao zilijazwa kwa pesa ya nani?

Tupige hesabu ya kubuni, kwa shilingi zetu za leo. Shule ina wasichana 300 na masista kumi wanaofundisha. Kila sista angestahili mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi kama mwalimu mwingine yeyote. Hiyo ni milioni 4.8 kwa mwaka. Masista nao hula, huugua na huzeeka, basi tutoe robo ya kuwatunza katika nyumba yao ya pamoja. Inabaki milioni 3.6. Gawanya kwa wasichana 300, kila mmoja anapata shilingi 12,000 kwa mwaka: msaada wa masomo ambao hakuuomba, hakujaza fomu, hakupanga foleni kwa mbunge, na mzazi wake hakujua kama upo.

Sasa liweke fungu hilo kando ya mgao wa serikali. Mwanafunzi wa shule ya upili ya umma amewekewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hazina haiwezi, na kwamba kinachofika ni kama 16,900. Pengo ni shilingi 5,344 kwa kila kichwa. Kwa shule ya wanafunzi 600 ni zaidi ya milioni 3.2 zinazokosekana kila mwaka, na mwalimu mkuu anabaki kumkwepa mwenye duka la mchele na maharagwe. Masista kumi wa hesabu yangu wangeliziba pengo la namna hiyo na chenji ikabaki. Ndiyo maana nasema watu wanaposifu "nidhamu ya kale" wanasifu, bila kujua, ruzuku kubwa iliyotolewa na wanawake ambao majina yao hayamo katika bajeti yoyote.

Ruzuku hiyo haitarudi. Masista wa Loreto waliofika Kenya mwaka 1921 walitoka Ireland, nchi iliyokuwa na watawa wa kusambaza dunia nzima. Leo Ireland yenyewe haina wa kutosha. Masista wetu wa Kiafrika wapo, na wapo wenye bidii kubwa, lakini mtawa aliyesomea ualimu na kuajiriwa na TSC hupelekwa anakopelekwa mwalimu mwingine yeyote. Mshahara wake ndio unaolisha shirika lake, pamoja na wale wazee waliofundisha bure wakastaafu bila pensheni. Shule ya binafsi ikitaka kubaki na walimu wazuri hulazimika kuwalipa, na ikiwalipa karo hupanda. Karo ikipanda, binti wa fundi wa Mikindani anatoka, anaingia binti wa afisa wa bandari. Hakuna aliyekaa kikao akaamua shule iwaache maskini. Lakini iliwaacha.

Upande wa shule za umma una hoja nzito, na sitaki kuupita juu juu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, wanafunzi wa shule za msingi nchini walipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Waliopokea mafuriko hayo ni walimu wa shule za umma za Majengo, Likoni na Changamwe. Shule ya binafsi ya Kanisa haikulazimika kuongeza hata dawati moja. Shule ya umma haichagui; inampokea mwenye akili na mzito, mwenye viatu na asiye navyo, na yule ambaye shule nyingine imemwambia mzazi wake kwa upole "mtafutieni pengine". Kumlinganisha mwalimu wa darasa kama hilo na mwalimu wa watoto waliochujwa ni kumwonea.

Kuna na suala la hijabu, ambalo Pwani haliwezi kuwekwa chini ya jamvi. Kisa kilichofika mbali kilitoka Isiolo, St Paul's Kiwanjani, shule ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu kujifunika. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu ya jinsi dai lilivyoingizwa kesini, ikasema jambo lenyewe ni zito na linafaa kuanzishwa upya katika Mahakama Kuu. Swali la msingi likabaki bila jibu. Mzazi anayelipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini kichwa cha binti yake, katika shule ya umma, kitegemee hisani ya mfadhili. Mimi ni Mwislamu na nauliza swali hilo hilo.

Na tukija kwenye matokeo, mashabiki wa shule za Kanisa wajiandae kuvunjika moyo. Mwaka 2014 watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu Kenya: waliwafuatilia wanafunzi walioingia shule kubwa za kitaifa kwa tofauti ya alama chache tu, wakawalinganisha na waliozikosa kwa alama chache. Alama zao za KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, hazikutofautiana kwa maana. Sifa nyingi tunazoipa shule ni sifa za mtoto aliyeingia nazo langoni. Marekani nako, Joseph Altonji na wenzake waliandika mwaka 2005 kwamba ushahidi wa shule za upili za Wakatoliki kupandisha alama za mtihani ni hafifu.

Ila utafiti huo wa Altonji ulikuta jambo jingine, nalo ndilo ninalolishika: mtoto aliyesoma humo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza shule.

Kumaliza. Kwa msichana wa Pwani hilo ni kubwa kuliko alama ya B au ya A. Shangazi zangu walisomeshwa na masista, na nyumbani husimuliwa jinsi sista alivyokuja kwa miguu juani, akaketi jamvini, akamwomba babu asimtoe binti shule aolewe. Babu alikuwa mtu wa chuoni, mwalimu wa Kurani, na sista alijua. Hawakubishana dini. Walizungumza kuhusu binti mpaka alasiri, babu akasalimu amri, na shangazi akamaliza. Masista hawakumbadilisha dini. Walimwachia mwandiko ambao mpaka leo nauonea wivu, na tabia ya kuuliza maswali ambayo waume wa ukoo hawakuipenda sana.

Mwalimu wa TSC hana alasiri kama ile. Ana watoto wake, ana matatu ya kuwahi, pengine ana kibanda cha kuongezea kipato kwa sababu mshahara hautoshi. Simlaumu hata kidogo. Sista alikuwa na alasiri kwa sababu maisha yake yote alikwisha kuyatoa, na nyumba yake ilikuwa pale pale nyuma ya darasa. Hiyo nayo ni sehemu ya mshahara ambao hakuuchukua, na hakuna hesabu yangu ya juu iliyoigusa.

Sisi Waislamu wa mji huu tuna shule zetu sasa, Abu Hureira, Sheikh Khalifa kule Bombolulu na nyingine, na wazazi wengi hawaoni sababu ya kumpeleka mtoto kwa masista. Ni haki yao, na mafanikio ya shule hizo nayafurahia. Lakini binti wa Mji wa Kale na binti wa mtu wa bara aliyekuja kufanya kazi bandarini walikuwa wakiketi dawati moja. Leo wanakutana kwa mara ya kwanza chuo kikuu, kama watakutana.

Kumezwa na serikali si msiba wa Wakatoliki peke yao, tena. Wengi wanaopita Tudor hawajui kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni. Ikageuzwa taasisi ya ufundi, ikawa politekniki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Ilipata ukubwa ambao waasisi hawakuuota. Jamii iliyochanga haina sauti humo, na haidai. Kanisa lingeweza kuambiwa lifanye vivyo hivyo: shukrani kwa msingi mliouweka, sasa pisheni.

Sikubaliani na hilo, ijapokuwa hoja yake naielewa. Serikali isiyoweza kufikisha 22,244 haina ubavu wa kumfukuza mtu anayetaka kuchangia. Tatizo la mfadhili wetu ni kwamba sheria inautaja mchango wake bila kuupima. Uingereza, shule za Kanisa zinazosaidiwa na serikali hulipiwa na serikali hiyo gharama za kila siku na mishahara ya walimu, na Kanisa hutakiwa kubeba angalau asilimia 10 ya gharama za majengo. Kwa kiwango hicho hupewa sauti kubwa katika bodi. Ni biashara ya wazi. Kwetu mfadhili ana viti vitatu katika bodi, alipe au asilipe. Padri anayeleta mabati na karo za yatima na padri anayeleta misa ya ufunguzi tu wana kura sawa.

Jimbo Kuu la Mombasa lingeweza kulikata shauri hili lenyewe bila kungoja Bunge. Lichapishe, shule kwa shule, mchango wake wa mwaka: karo za wanafunzi lililowalipia, vyoo lililojenga, mshahara wa kasisi na mshauri wa wasichana. Katika shule zake za binafsi litenge nafasi za watoto wa mitaa ya karibu, za Wakristo na za Waislamu, na liseme ni ngapi. Na kuhusu hijabu liandike kanuni moja inayojulikana kabla mzazi hajakubali nafasi, ili asije akaikuta langoni siku ya kuripoti, sanduku likiwa kichwani. Likifanya hivyo, yule wa barazani anayesema Kanisa linatawala shule lisiyoilipia atakuwa na karatasi ya kusoma, na akikuta sifuri kwenye karatasi hiyo, awe na haki ya kudai viti vile vitatu virudi kwa wazazi.