Jogoo wa Present Continuous

Kidato cha Kwanza wanapoingia Januari, zigo ni la walimu wa Kiingereza. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ghafla baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza. Ukiuliza swali, darasa zima linachunguza viatu vyake. Si kwamba hawajui, wanaogopa kuchekwa.

Chuoni tuliimbishwa kwamba zana halisi hushinda picha. Na picha zilishanishinda zamani: ng'ombe niliyemchora kwenye manila alizua mzozo, nusu ya darasa wakisema mbwa, nusu meza. Basi siku ya kuja mdhibiti ubora wa shule, somo likiwa Present Continuous, yaani kitendo kinachoendelea sasa hivi, nikaazima jogoo kwa mama ntilie wa pale getini, nikamfunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza.

Tukaanza vizuri mno.

"What is the chicken doing?"

"The chicken is standing!"

"And now?"

"The chicken is looking Madam!"

Mikono juu mpaka dirishani. Mdhibiti kule nyuma, suti imenyooka, anaandika huku anatabasamu. Nikajiona tayari kwenye orodha ya walimu bora wa wilaya.

Kumbe jogoo naye alikuwa anashughulikia fundo lake kimyakimya. Akaruka dawati la mbele, akapita juu ya vichwa, wasichana wakapiga yowe, akatua kwenye faili la mdhibiti. Akajikung'uta. Akawika. Kisha akamwaga mzigo wake, tena wa majimaji, katikati ya fomu ya tathmini.

Darasa likanyamaza. Ndipo kijana mmoja, ambaye tangu shule zifunguliwe sikuwahi kumsikia hata akiitika jina lake, akasimama na kusema kwa sauti safi:

"The chicken is toileting the visitor."

"*On* the visitor," nikasahihisha. Mdomo wa mwalimu hauna breki.

Darasa zima likaitikia: "ON THE VISITOR!"

Mdhibiti akatoa kitambaa, akapangusa, akaendelea kuandika. Nilikuja kuisoma ile fomu: "Ushiriki wa wanafunzi: mkubwa. Zana: zipo, na zinafanya kazi."

Jogoo alishatokea dirishani, Kidato cha Nne wakimkimbiza kuuzunguka mwarobaini. Mchana mama ntilie akanifuata ofisini, mikono kiunoni.

"Mwalimu, jogoo wangu yuko wapi?"

Nikalipa shilingi 25,000. Jioni jogoo akarudi kwao mwenyewe, kwa miguu. Hela yangu bado haijarudi.