Kiwavi Mwembamba wa Uyole

Mzee mmoja jirani na Uyole, Mbeya, alinishikisha mhindi wake, akaufungua moyo kwa vidole viwili. Ndani kulikuwa na kinyesi kilicholowa kama unga wa mbao, na kiwavi mmoja mwembamba. "Mwanangu, muuza pembejeo aliniambia mbegu hii inakinza wadudu. Huyu ni nani sasa?"

Swali hilo nalisikia kila msimu, Mbozi hadi Mufindi, na ndilo linalozizika mbegu hizi mapema. Dawa imetuzoesha vibaya. Ukipiga jioni, asubuhi unaokota maiti; basi na mbegu tunaidai maiti, tusipoziona tunasema tumepigwa. Mbegu kinzani haina kazi hiyo. Jani lake ni gumu, au lina kitu kisichompendeza mdudu. Kiwavi anakula ila hanawiri. Anachelewa kukua, anakaa siku nyingi zaidi mbele ya sisimizi na nyigu, na akijaliwa kuwa nondo hutaga pungufu.

Hapo kwenye kutaga ndipo ninapopenda kukaa. Nondo mmoja wa viwavijeshi vamizi, hawa walioonekana Afrika mwaka 2016 na kutufikia Tanzania mwaka uliofuata, anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Tuseme, kwa mfano tu, mbegu inapunguza watakaopona kwa nusu na haina msaada mwingine wowote. Kizazi cha kwanza wamebaki nusu, cha pili robo, cha tatu mmoja kati ya wanane ambao wangekuwapo. Na kazi hiyo imefanyika wewe umelala. Dawa ikioshwa na mvua, na mvua ya Machi ya huku tunaijua, unaanza upya: bomba la lita 16 mgongoni, maji ya kuteka mtoni, kesho kutwa tena. Najua, nondo hawa huruka kilomita nyingi kwa usiku mmoja, kwa hiyo jirani asiyepanda mbegu hiyo anakuvurugia hesabu. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuipanda wengi.

Wenye mashaka wana hoja moja nzito, nayo inatoka kwenye mpunga. Mwaka 1973 IRRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kilichoko Ufilipino, kilitoa aina ya IR26, iliyomkinza panzi mdogo mnyonya utomvu kwa kutegemea jeni moja, yaani kinasaba kimoja. Haikupita miaka mingi mdudu akapata njia ya kuishinda. Ndiyo maana watafiti wa mahindi siku hizi wanakusanya jeni nyingi zenye nguvu ndogo ndogo, kama kwenye zile mbegu chotara tatu ambazo CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, ilizitangaza Desemba 2020 baada ya majaribio ya Kiboko, Kenya. Mdudu huvuka ukuta mmoja upesi. Kuta kumi za udongo zinamchosha. Malalamiko ya bei ya chotara, kwamba unanunua upya kila mwaka, ni ya kweli na sina jibu lake.

Ila tusijifanye ukinzani ni kitu kigeni kilicholetwa na magari ya mradi. Bibi zetu walipochagua mbegu walitazama punje ngumu na maganda yanayolifunga gunzi mpaka ncha, kwa sababu fukusi hupata taabu kuingia hapo. Huko ni kuzalisha mbegu, ingawa hakuna aliyewaita watafiti. Kuna chotara nimeziona zikizaa gunzi kubwa lenye ncha wazi, mvua na wadudu vikaingia pamoja. Mbegu ya namna hiyo ihukumiwe kwenye kihenge mwezi wa tisa, si shambani mwezi wa tatu.

Mzee hakuridhika na hesabu zangu. Tukakubaliana aache mistari minne ya mbegu hiyo na minne ya ile aliyoizoea, yote bila dawa, kisha tupime kwa debe wakati wa kuvuna. Akaniuliza: debe langu, au la mnunuzi?