Gemu hazifi, zinazotoweka ni diski

Kuna makala nimeisoma inasema biashara ya gemu inakufa kwa kuwa Microsoft, wenye mashine za Xbox, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 wa kitengo chake cha gemu Januari 2024. Sikubaliani. Anguko hasa lilitokea Marekani mwaka 1983, madukani kulipojaa katriji (kaseti za gemu) mbovu na wanunuzi wakakimbia. Leo wachezaji wapo tele. Kilichopanda ni gharama za kutengeneza, hata gemu moja ikikosa soko studio nzima iliyoitengeneza huweza kufungwa.

Vibanda vyetu vya kuchezea gemu hapa Zanzibar, vya Mwanakwerekwe na Chake, vinaumia kwengine. PS5 Pro, mashine ya gemu ya Sony ya 2024, inauzwa bila kisoma diski, unakinunua peke yake. Bila diski hakuna gemu ya mtumba wala kuazimana. Na PS4 ya GB 500 hubakiwa na kama 400 za kutumia, basi gemu nne za GB 100 zimeshaijaza. Ukifuta moja isiyo na diski, kuipakua upya bando linakula faida yote.

Wenye vibanda, nunueni mashine zenye kisoma diski maadamu zipo. Ziwekeni mbali na dirisha la upande wa bahari, chumvi inakula viunganishi. Feni isafishwe vumbi mara kwa mara, na ikianza kuvuma sana hata baada ya kusafishwa, badilisheni grisi ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa.