Gari Lililopakwa Poda

Fundi alitoa hukumu mikono ikiwa mfukoni. Boneti haijafunguliwa, yeye kachungulia tu uvunguni, kaona tone linaning'inia pale injini inapokutana na giaboksi, kisha kavuta pumzi ndefu.

"Pole sana, bosi. Sili ya nyuma ya krenki hiyo. Giaboksi ishuke."

Sili yenyewe ni pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, unapochomoza nyuma. Ukiitia mfukoni hata suruali haivimbi. Kazi ni kuifikia: mpaka ushushe giaboksi, utoe klachi, ufungue flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, ndipo muonane. Unalipia njia, mpira unapewa kama nyongeza. Nikamwambia fundi nitarudi, kwa ile sauti ambayo watu huitumia wakiwa hawarudi.

Nyumbani nako hapakukalika. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kutandaza vitofali vipya uani, na gari langu likawa linavitia saini kila usiku. Hakunigombeza, mzee ni mstaarabu mno. Alikuja tu na boksi la friji alilolipasua, akalilaza pale ninapoegesha, akasema, "Mwanangu, mtandikie mgonjwa wako."

Boksi lile likawa na faida. Nilichora alama za magurudumu ili gari lisimame pale pale kila siku, asubuhi nikawa nasoma madoa. Doa lingekuwa jekundu, ningeshuku giaboksi za otomatiki au usukani wa haidroliki. La kijani au la waridi, maji ya rejeta. Langu lilikuwa la kahawia iliyoiva, lenye utelezi, kwa hiyo ni oili ya injini bila ubishi. Ubishi aliuleta mzee. Alichovya kidole, akanusa akiwa amefumba macho, akatangaza, "Dizeli hii." Gari linatumia petroli. Nikajibu, "Inawezekana, mzee," maana kodi ilikuwa haijalipwa.

Kisha akaja shemeji. Shemeji yangu hana gari, ila ana tyubu ya silikoni, na kwake hakuna tatizo la duniani lisilozibwa nayo. Alisema ni gasketi ya kava la tapeti, ule mfuniko wa juu wa injini. Kusema kweli hakukosea sana, kwa sababu gasketi hiyo huchoka mapema kuliko nyingi na ilikuwa imekakamaa. Tukabadilisha. Silikoni ikapakwa mahali pake, na mahali pasipo pake, na kidogo kwenye shati langu. Asubuhi boksi likawa na doa jipya, tena lenye afya.

Kila mtu akawa na jibu. Mmoja akakaza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, huku anasema "hapa ndipo," nikamwomba aache kabla hajala rezi zote, ile mikunjo inayoifanya nati ishike. Kijana anayeosha magari akasema mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake. Hilo hutokea kweli, na likitokea oili humwagika hasa. Nikafungua filta kuhakikisha. Mpira ulikuwa mmoja, umetulia, unanitazama.

Wote walikuwa wanatazama panapolowa. Oili ina tabia mbili: inateremka, na gari likienda, upepo unaisukuma nyuma. Ikitoka juu mbele, utaikuta chini nyuma, na njiani imelowanisha kila kitu kisicho na hatia. Dawa yake ni kuosha injini nzima ikiwa ya baridi, ukishafunika altaneta na mambo ya umeme kwa mifuko ya plastiki, iache ikauke, ipake poda, endesha kidogo, kisha tafuta mstari wa oili kwenye weupe na uufuate kwenda juu.

Poda tulikuwa nayo. Mke wangu alinikuta mlangoni nimeikumbatia.

"Baba, poda ya mtoto unaipeleka wapi?"

"Kwenye gari."

Akanitazama kwa muda. "Limetoka vipele?"

Nikaosha, nikakausha, nikalala juu ya injini, kichwa kimezama nyuma kabisa karibu na kioo cha mbele, nanyunyiza mgongo wa bloku, yaani kiwiliwili cha injini. Nilikuwa mkarimu na ile poda. Palikuwa na vilima kabisa. Shemeji yupo kwenye usukani, anasubiri amri. Nikampigia kelele, "Bado, usiwashe!"

Ukiwa umeingiza kichwa kwenye injini, maneno ya mwanzo ya sentensi huwa hayatoki nje. Shemeji alisikia "washe."

Sasa feni ya gari hili inazungushwa na mkanda. Haingoji injini ipate joto: injini ikiwaka, nayo inawaka, na upepo wake wote unakuja nyuma. Nyuma ndipo ulipokuwa uso wangu. Poda yote iliondoka injini kwa pamoja, ikapita puani, masikioni, ndani ya kola, na iliyobaki ikapanda angani wingu zima kuzidi paa la nyumba.

"Moto!" Hiyo ilikuwa sauti ya mzee.

Nilitaka kusema si moto, lakini nilipofungua mdomo kilichotoka ni moshi mweupe, jambo lililompa mzee uhakika. Mtoto wangu aliniona nimeinuka, mweupe kuanzia nywele hadi kifuani, macho mawili tu yanapepesa, akapiga ukunga nadhani hata mama yake hakuwahi kuusikia. Mzee akafika na ndoo. Ana miaka mingi yule baba, ila siku hiyo alikuja mbio, akanilenga mimi kwanza, "mtu kwanza, mali baadaye," kisha ndoo ya pili ikaenda kwenye injini.

Shemeji alishuka taratibu, akatuzunguka, akauliza, "Umeona panapovuja?"

Tulirudia jioni, vitu vilipokauka. Safari hii poda kidogo tu, ya kupakwa kwa brashi ya rangi ili ishike kwenye chuma, na ufunguo wa gari ukiwa mfukoni mwangu. Nikazunguka mtaa, nikarudi, nikazima, nikaingiza tochi na kioo kidogo cha kunyolea ndevu.

Mstari ulikuwepo. Mwembamba, wa kahawia, unashuka mgongoni mwa bloku, unapinda kufuata ukingo pale giaboksi inapofungwa, unakwenda kuning'inia mahali pale pale fundi alipoinama. Nikaupandisha kwa macho. Sampu, hapana. Sili ya nyuma, mstari ulipita nje yake bila hata salamu. Ukapanda, ukapanda, ukaishia kwenye kidude kisichozidi kidole gumba, chenye waya mmoja. Swichi ya presha ya oili. Ndani yake mna kiwambo chembamba. Kilikuwa kimepasuka, na oili inatokea hapo hapo waya unapochomekwa. Injini ikiunguruma presha inaisukuma nje, ukizima inakoma, ndiyo maana kila aliyechungulia gari likiwa limelala hakuona kitu juu.

Na kazi ya swichi hiyo ni ipi? Kuwasha ile taa nyekundu kwenye dashibodi presha ya oili ikishuka. Yaani mlinzi tuliyemweka atupigie kelele oili ikiibwa, ndiye aliyekuwa anaipitisha dirishani.

Kuibadilisha hakukuchukua hata muda wa kubishana. Chomoa waya, soketi ndefu, fungua, funga mpya. Ugumu ulikuwa kumzuia shemeji, ambaye alishafungua tyubu. Nilimweleza kwamba swichi ya waya mmoja hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, kupitia rezi zake. Ukizijaza silikoni, taa inaweza isiwake siku ya kuhitajika. Alinisikiliza kwa heshima, akaifunika tyubu, akasema, "Sawa, ila roho yangu haijaridhika."

Matone yaliendelea kidogo, mabaki yaliyojificha kwenye bati la chini, kisha boksi likabaki kavu. Injini ikipata moto, gari zima linanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Mzee haamini habari za swichi. Anasema alilimwagia maji, likapona, na wapangaji wote wanajua hivyo. Juzi mmoja wao kaingiza pikipiki inayodondosha oili. Mzee akainama, akachovya kidole, akanusa.

"Dizeli," akasema. "Wewe nenda kaazime poda. Maji nitatoa mimi."