Wajukuu Waje Tarehe 20

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa mwezi huu, binti yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alitaka kuwapandisha watoto wake wawili basi wiki ileile, waje Kilema, kijijini kwetu mlimani Kilimanjaro, wakae na mimi, halafu yeye na mumewe wafuate Krismasi ikikaribia. "Mama, uko peke yako huko. Watakuchangamsha." Nikamwambia hapana, waje tarehe 20 pamoja na wenzao, kama tulivyokubaliana. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaumwa?"

Siumwi. Lakini swali lile limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bibi akisema anataka wiki mbili za kukaa kimya nyumbani kwake, kwa nini jambo la kwanza linalokuja kichwani ni ugonjwa? Nilimsimulia jirani yangu, naye akashika mdomo. Bibi gani huyo anayekataa wajukuu? Sijawakataa. Nawapenda watoto wale kwa namna inayoniuma kifuani, na tarehe 20 watanikuta nimesimama njiani kabla gari halijafika getini. Ninachokitetea ni hizi siku za kabla yao. Nazihitaji, nazifurahia, na sioni kwa nini nizifiche kama kitu cha aibu.

Kwa wasioujua mlima wetu, nieleze kidogo. Desemba Wachaga hurudi nyumbani. Yeyote aliyewahi kutafuta tiketi ya basi la Moshi baada ya tarehe 18 anajua ninachosema. Wanatoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, wengine Ulaya. Zamani walifika kwa pamoja, jioni, kwa sababu mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, na wote walikuwa wameondoka Dar alfajiri ileile. Tangu ruhusa ilipotolewa mwaka 2023, hodi inaweza kupigwa hata saa tisa za usiku. Wapo pia wanaokuja kwa treni, iliyoanza tena kuleta abiria Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kulala. Kwa vyovyote vile, ikifika tarehe 23 kijiji chetu kimejaa magari hadi kwenye njia za mifereji.

Na kwangu ndiko wanakofikia ukoo mzima. Kwa desturi yetu, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Marehemu mume wangu alikuwa kitinda mimba. Kwa hiyo nyumba ambayo mashemeji zangu watatu na mawifi wawili wanaiita nyumbani, funguo zake ninazo mimi. Mwaka jana siku ya Krismasi tulikuwa watu 34. Nilipika, nilitandika, niligawa, nilisuluhisha watoto, nilipokea wazee, na nililala saa saba usiku siku nane mfululizo. Nilifurahi kila siku kati ya hizo nane. Nitafurahi tena mwaka huu. Lakini mtu anayebeba watu 34 anastahili kupewa nafasi ya kukaa chini kwanza.

Sasa niwaambie zilivyo siku zenyewe.

Naamka saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili Kibo, kilele cha mlima wetu, iko wazi, nyeupe juu, na mawingu ya vuli bado yamelala chini huko tambarare, upande wa Kahe. Nakunywa chai yangu nimesimama mlangoni mwa jiko, naitazama. Ikifika saa tatu mawingu yameshapanda, mlima hauonekani tena. Wageni wangu wengi hukaa siku kumi hapa bila kuiona Kibo hata mara moja, kwa sababu wanaamka saa nne. Halafu nakwenda kwa ng'ombe. Ninaye mmoja tu, wa bandani, namkatia majani na vigogo vya migomba, namkamua, namwambia ninachotaka kumwambia.

Baada ya hapo ni kahawa. Huku kwetu Desemba zinabaki za mwisho mwisho, mti huu konzi moja, ule konzi mbili. Nachuma nyekundu peke yake, namenya kwa mashine ya mkono, navundika, naosha, naanika kwenye chanja. Kuanzia hapo kazi ni ya vidole. Unazigeuza, unaondoa iliyovunjika, unaondoa nyeusi, unageuza tena. Ni kazi ambayo huwezi kuifanya huku unaitwaitwa. Hutaki kuongea wala kuongeleshwa, na saa mbili zinapita hujui zimekwenda wapi.

Wengi wa familia hii hawajui tena kuifanya, nami siwalaumu. Kilema ndiko wamisionari Wakatoliki walikopanda kahawa mwaka 1898, na tangu hapo zao hili ndilo lililolipa ada za watoto wa mlima huu kizazi baada ya kizazi. Baba mkwe wangu aliuza kwenye chama cha msingi, chama kikapeleka KNCU, ushirika uliokuwapo tangu mwaka 1933, na malipo ya pili yalipotoka watoto wake sita wakapata sare na nauli za kwenda bweni. Walisoma, wakapata kazi mbali, wakahama. Ninapokaa kwenye chanja asubuhi ninageuza kahawa iliyowapeleka huko wanakotoka sasa kuja kwangu. Miti imezeeka, mingine tumeing'oa tukapanda parachichi. Iliyobaki inanipa gunia mbili hivi. Nataka kukaa nayo bila haraka.

Halafu kuna mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Hii ndiyo sababu yangu kubwa, nayo hata binti yangu alipoisikia alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka.

Mbege ya Krismasi haitengenezwi wiki ya Krismasi. Ndizi zinakatwa mapema, zinavundikwa ziive zote kwa pamoja. Zikiiva zinamenywa, zinachemshwa kwa moto mkubwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi na kuwa nyekundu ya kahawia, kisha zinaachwa siku kadhaa kwenye pipa lililofunikwa ili zipate kuchacha. Hiyo tunaiita nyalu. Kando yake unalowesha ulezi uote, unauanika, unausaga, ndipo siku za mwisho unapika uji wake na kuchanganya, pamoja na gome la mti wa msesewe la kutia uchungu. Ukikosea siku moja umewapa wazee wa ukoo kitu kitamu kama juisi, au kikali kisichonyweka, na watakinywa kimyakimya kwa heshima yako, jambo ambalo ni baya kuliko kulalamikiwa.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii. Hakunipa hesabu ya siku. Alinipeleka kwenye pipa usiku, akaniambia nitege sikio. Nyalu ikianza kuchacha inatoa sauti ndogo, kama manyunyu kwenye jani la mgomba. Ikikolea sauti inaongezeka. Ikitulia, umefika wakati wa kupika ulezi. Nilikuwa na miaka 23 na sikusikia chochote. Alinirudisha kesho yake, na kesho kutwa, mpaka nikasikia. Leo nina miaka 61 na bado naipima mbege kwa sikio. Nyumba yenye televisheni iliyowashwa na watoto wanaokimbizana koridoni, sauti ile haipatikani.

Sehemu nyingine ya siku hizi ni ya mume wangu. Amelala chini kidogo ya nyumba, karibu na wazazi wake, kwenye kihamba chake mwenyewe, yaani shamba la nyumbani, mimea ya masale ikiwa imezunguka. Tarehe 26 ukoo wote utashuka pale. Tutasali rosari, tutaweka maua, kaka zake watasema maneno mazuri, vijana watapiga picha. Ninashukuru kwa hayo. Ila siku ile kaburi ni la ukoo. Wiki hii ni langu. Nashuka na kisu cha kupalilia, nang'oa magugu, nafuta majina kwa kitambaa kibichi, namsimulia mambo ya mwaka mzima: ng'ombe alivyougua mwezi wa nne, paa tulivyolibadilisha upande wa jikoni, mjukuu wetu alivyofaulu. Kuna mambo mke hawezi kumwambia mumewe mbele ya watu 34.

Mambo mengine nayapita haraka kwa sababu kila mwenye nyumba anayajua. Mablanketi yamefuliwa na yameanikwa kwenye ua. Magodoro ya chini nimeyatoa stoo. Sufuria kubwa mbili nitaazima kwenye jumuiya yetu. Mchele wa Chekereni umeshafika, maharage nimenunua soko la Himo, mbuzi wa ndafu yuko bandani ananenepa. Shemeji mkubwa atashughulikia kuchinja na kugawa, maana kila kipande kina mwenyewe, na mimi simo katika mashauri hayo.

Turudi kwenye maneno ya binti yangu, kwamba niko peke yangu. Mwanamke mjane anayeishi peke yake kijijini anapewa pole kila anapokutana na mtu. "Pole na upweke, mama." Nimekuwa nikiitikia "asante" kwa adabu kwa miaka sita. Leo niseme kweli: upweke naujua, na huu si wenyewe. Niliuona upweke siku za msiba wa mume wangu, nyumba ikiwa imefurika watu, turubai mbili nje, kwaya ikiimba, na mimi nimekaa kwenye mkeka katikati ya akina mama arobaini nikiwa sina mtu. Nauona tena kila mwaka tarehe mbili au tatu Januari, magari yakishaondoka. Nafagia uwanja, nakuta kandambili moja ya mtoto, nakuta mfuniko wa chupa chini ya kochi, naipika chai ya watu kumi kwa mazoea. Hapo ndipo kimya kinauma. Hapo ndipo natafuta sababu ya kwenda kwa jirani hata kama sina haja naye.

Kimya cha Desemba ni kitu kingine kabisa. Kimejaa watu ambao hawajafika. Ninapokunja shuka najua nani atalilalia. Ninapohesabu vikombe naona mikono itakayovishika, na mara nyingine najikuta natabasamu peke yangu mbele ya kabati. Kanisa letu lenyewe linalijua jambo hili, ndiyo maana linatupa Jumapili nne za Majilio kabla ya Noeli. Padri huvaa zambarau, "Utukufu kwa Mungu juu" haiimbwi siku za Jumapili hizo, na hakuna anayemuuliza kama anaumwa. Tunaelewa kanisani kwamba kungoja ni sehemu ya sikukuu. Tukitoka nje tunasahau, tunataka kila nafasi iliyo wazi ijazwe mtu.

Nayasema haya pia kwa ajili ya wake wa mashemeji, mawifi na mabinti wanaoishi mijini, ambao huniambia kwamba wao hawana hata siku moja ya namna hii. Wanafunga ofisi tarehe 22, wanapakia gari usiku, wanaendesha zaidi ya kilomita 500, wanafika wakiwa wamechoka, na kesho yake wako jikoni wanamenya ndizi za machalari. Mwaka jana mmoja wao alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akaanza kulia, hakujua analilia nini. Nilikaa naye. Tangu siku ile nimeamini kwamba wanawake tunapaswa kuombana siku za kimya waziwazi, na kupeana, bila kuulizana tuna tatizo gani. Waume nao waelezwe. Mke akisema, "Nipe Jumamosi hii nibaki nyumbani peke yangu kabla hatujasafiri," achukue watoto atoke nao.

Nilimpigia binti yangu siku mbili baadaye, nikamweleza haya yote, kahawa, nyalu, kaburi la baba yake, na ule mfuniko wa chupa chini ya kochi. Tulizungumza karibu saa nzima, na sisi si watu wa kuzungumza muda mrefu kwenye simu. Nilimwambia kama anataka kunichangamsha, Januari ndiyo inayohitaji kuchangamshwa. Awaache watoto wakati yeye na mumewe wakirudi, wabaki na bibi mpaka karibu na shule kufunguliwa, nitawashusha mwenyewe na basi. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba mimi huumia wakiondoka. Nami sikuwahi kumwambia. Akasema, "Sawa mama. Tarehe 20 basi. Na Januari wanabaki."

Leo ni tarehe 14. Jana usiku nilitega sikio kwenye pipa, sauti imeanza lakini bado hafifu, nadhani kesho kutwa nitalowesha ulezi. Mjukuu mdogo amenipigia asubuhi hii kuuliza kama yule paka bado yupo. Yupo, amelala hapa miguuni pangu wakati naandika. Naona wingu limeshuka mpaka kwenye migrivea ya jirani, na kahawa iko nje. Nakwenda kuifunika.