Na chakula cha samaki wa kufugwa kinatoka wapi?

Mhariri, makala yenu imesifia vizimba vya bahari kuu vya kufugia samaki aina ya samoni huko Norwe, kikiwemo Ocean Farm 1 chenye upana wa mita 110. Ajira zipo, sikatai, na tangu 2023 wafugaji wakubwa wanatozwa kodi maalumu ya asilimia 25, sehemu yake ikirudi kwenye halmashauri za pwani. Hilo nalipongeza kwa dhati. Lakini mbona hamkugusa chakula? Viwanda vya Mauritania, Senegal na Gambia vinasaga samaki wadogo kuwa unga na mafuta ya kulisha samaki wa kufugwa. Samaki haohao akina mama huwanunua ufukweni, wakawakausha kwa moshi na kuwauza sokoni. Kiwanda kikipandisha dau, mama anarudi na beseni tupu. Andikeni na habari zao, tafadhali.