Ofisa ustawi wa jamii akishika chaki ng'ambo, nani anapoteza?

Ofisa ustawi wa jamii akitangaza kwamba anaacha kazi kwenda kufundisha Kiingereza Korea Kusini au Japani, lawama humjia kutoka pande tatu. Wenzake ofisini humwona amewatupia mafaili yake. Walimu waliosomea ualimu humwona mvamizi. Ndugu humuuliza hiyo likizo itaisha lini. Hoja ya walimu ndiyo nzito zaidi, na nitaifikia. Ila wote watatu wanachukulia kwamba mtu huyu anaacha ujuzi wake nyumbani na kuanza upya mikono mitupu, na hapo ndipo nisipokubaliana nao.

Tazama hesabu hii. CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza kinachoheshimika kuliko kozi nyingi za haraka za mtandaoni, huchukua takriban saa 120 za masomo. Kati ya hizo, muda ambao mwanafunzi anafundisha darasa halisi huku mkufunzi akimtazama ni saa 6. Shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii nchini Marekani hudai mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 900. Huko England kipimo ni siku 200. Na kuna ajira zisizodai hata hizo saa 6: mpango wa JET wa serikali ya Japani, ulioanza mwaka 1987, huwapokea walimu wasaidizi wenye shahada ya fani yoyote.

Mwalimu akiziona namba hizi atasema, na atakuwa amesema kweli, kwamba saa 900 za kuwatembelea wazee waliotelekezwa hazimfundishi mtu kueleza tofauti ya nyakati mbili za kitenzi. Kuizungumza lugha tangu utotoni ni jambo moja, kuifafanua ni jingine. Ofisa aliyezoea kuandika ripoti za mahakama bila kosa anaweza kukwama mbele ya mtoto wa miaka 12 anayeuliza "kwa nini?" mara mbili mfululizo. Hilo halina utetezi zaidi ya kukaa chini na kusoma sarufi.

Lakini humo ndani ya saa 900 mtu hujifunza nini? Hujifunza kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana, kisha kunyamaza. Kosa kubwa la mwalimu mpya wa lugha ni kuongea kupita kiasi: anauliza, ukimya wa sekunde chache unamtisha, anajijibu mwenyewe. Ofisa huyu ameshakaa na vijana waliogoma kufungua mdomo, na ukimya haumtoi jasho tena. Amefanya kazi kupitia wakalimani, kwa hiyo anajua kukata sentensi fupi na kuhakikisha ameeleweka badala ya kuuliza tu "umeelewa?" na kupokea kichwa kinachotikiswa kwa adabu. Akiingia kwenye kundi la watu kumi, anaona upesi nani analitawala na nani amejificha nyuma. Walimu wengi hupata ujuzi huu baada ya miaka darasani, na hakuna cheti cha wiki nne kinachoweza kuutoa. Nadhani waajiri wanaotazama sura na lafudhi kabla ya wasifu hawajui wanachopewa kwa bei rahisi.

Lawama ya wenzake ofisini, kwamba anakimbia mapambano, nayo inahitaji kuangaliwa upya. Watafiti wa saikolojia Christina Maslach na Susan Jackson, walipochapisha kipimo chao cha uchovu wa kazi mwaka 1981, walitaja sura tatu: kuishiwa nguvu, kuwachukulia unaowahudumia kama vitu, na kuhisi kazi yako haizai chochote. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliueleza uchovu huo kuwa hali inayotokana na mazingira ya kazi, wala halikuuita ugonjwa. Kwa hiyo anayebadilisha mazingira anagusa chanzo. Ile sura ya tatu darasa linaitibu vizuri, maana mwanafunzi aliyeshindwa kujitambulisha mwezi uliopita leo anabishana. Kwenye kesi za ulinzi wa watoto, mafanikio mara nyingi ni jambo baya ambalo halikutokea, na hakuna anayeliona.

Kinachonisumbua mimi ni kingine, nacho wakosoaji hawakigusi sana. Ofisa akiona michubuko kwenye mkono wa mwanafunzi akiwa kwao, ana sheria, msimamizi na fomu ya kujaza. Ugenini hana lugha, hana mamlaka, na kibali chake cha kazi mara nyingi kimefungwa kwa mwajiri yuleyule ambaye huenda hataki kusikia. Mafunzo yake yanamlazimisha kuona, ila nafasi yake haimruhusu kutenda. Ni busara kuuliza kabla ya kusaini mkataba: shuleni hapo taarifa kama hiyo hupelekwa kwa nani?

Halafu kuna mlango wa kuingilia. Viza ya E-2 ya Korea Kusini kwa kawaida hutolewa kwa walimu wa Kiingereza wenye uraia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mwenye saa zake 900 na Kiingereza safi, lakini pasipoti ya kwingine, hupitwa na asiye na saa hata moja.

Mlango wa kurudia ni mpana kuliko wanavyodhani ndugu. England, ofisa aliyekaa nje ya fani kati ya miaka miwili na mitano hutakiwa siku 30 za kunoa ujuzi kabla ya kusajiliwa tena; zikizidi mitano, ni siku 60. JET nayo haizidi miaka mitano. Asiyehesabu muda huo anajiweka pabaya, maana ajira za lugha hazina uhakika: Julai 2021 China ilibana biashara ya masomo ya ziada, na kampuni zilizokuwa zikiajiri walimu wa Kiingereza walio ng'ambo kufundisha watoto kwa intaneti zikalazimika kuachana nao. Waliokuwa wamehuisha usajili wao wa zamani walikuwa na mahali pa kurudi.